Picha za Michezo katika Kitabu cha Mfalme Alfonso: Ushahidi Wake na Mipaka Yake

Mtunzi wa kamusi afikapo kwenye majina ya michezo hukutana na taabu isiyompata katika majina ya samaki au ya miti. Samaki aweza kuvuliwa akaonekana, na mti waweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini mchezo ukishaachwa hausazi kitu ila jina, na jina peke yake halisemi wachezaji walikuwa wangapi, walikaa vipi, wala ni nani aliyehesabiwa kuwa ameshinda. Kamusi zetu zina maneno kadha wa kadha yaliyofasiriwa kwa kusema tu kwamba ni mchezo wa watoto, na msomaji huachwa hapo hapo. Si ajabu basi kwamba wataalamu wa lugha na desturi za Ulaya, walipofikwa na taabu hiyo hiyo, walikimbilia picha. Hati za mkono za Zama za Kati, hasa tangu karne ya 13, zimejaa watu wachezao: watoto waliofungwa macho, wanawake walioinamia ubao, walevi wagombanao juu ya dado. Picha hizi zina rangi za kupendeza na dhahabu ya kung'aa, na mwenye kuzitazama hudhani kwamba amefunguliwa dirisha la nyumba ya watu waliokufa zamani. Makusudi ya makala haya ni kupima ushahidi wa dirisha hilo kwa kukichungua kitabu kimoja.

Kabla ya kukifikia, yafaa kutaja kosa moja mashuhuri. Mwaka 1801 Mwingereza Joseph Strutt alitoa kitabu kikubwa juu ya michezo ya watu wa Uingereza, na picha nyingi alizozitumia alizinakili kutoka pambizoni mwa hati ya Oxford iitwayo Bodley 264, yenye hadithi za Iskandari Mkuu kwa Kifaransa. Hati hiyo ilimalizwa kuandikwa mwaka 1338, na mchoraji Jehan de Grise aliimaliza kazi yake mwaka 1344. Lakini haikuchorwa Uingereza hata kidogo. Ilichorwa Flanders, ng'ambo ya bahari, ikafika Uingereza baadaye. Michezo aliyoiita Strutt ya Waingereza ilitoka mkononi mwa mtu ambaye huenda hakuwahi kukanyaga nchi yao. Yamkini watoto wa pande zote mbili za bahari walicheza mamoja, lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa kwa njia nyingine. Tena picha zile za pambizoni haziambatani na maneno ya ukurasa. Hapo juu Iskandari anapigana. Hapo chini watu wanatazama vibonzo vya kuchezeshwa kwa mkono, au mtu amevaa kichwa cha mnyama na kucheza ngoma. Mchoraji alikuwa akifurahisha jicho, na mara nyingine akifanya dhihaka. Kumwita shahidi ni kumtwika mzigo ambao yeye mwenyewe hakuutaka.

Kitabu nitakachokichungua ni cha namna nyingine kabisa, kwa sababu ndani yake michezo haiko pambizoni bali ndiyo habari yenyewe. Kiliandikwa kwa amri ya Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, kwa Kihispania cha zama zile, kikamalizwa Sevilla mwaka 1321 wa taarikh ya Kihispania, ambao kwa kutoa miaka 38 ni mwaka 1283 wa Masihiya. Kimehifadhiwa katika maktaba ya nyumba ya watawa ya Escorial, karibu na Madrid. Kina kurasa za ngozi karibu mia moja na picha zipatazo 150. Mwaka 1913 ilitolewa nakala ya picha zake kule Leipzig kwa gharama ya John G. White wa Cleveland, na mwaka 1941 Arnald Steiger alitoa maandishi yake pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mara ya kwanza nilipoifungua nakala ile ya 1913, ng'ambo, nilizipita picha upesi ili niyafikie maneno, maana ndivyo tulivyofunzwa sisi watu wa sarufi. Ilinichukua muda kutambua kwamba sehemu kubwa ya maneno yale hayasomeki bila picha.

Dibaji ya kitabu yaeleza kwamba Mungu alitaka wanadamu wawe na furaha za kila namna ili waweze kuvumilia huzuni na kazi. Kuna michezo ya juu ya farasi, na kuna ya kwenda kwa miguu. Lakini ile ya kukaa kitako yachezwa mchana na usiku, nayo yawafaa wanawake wasiopanda farasi, wazee na wadhaifu, watu waliofungwa au kutekwa, na wale walio safarini baharini. Kisha yafuata hadithi ya mfalme wa Bara Hindi aliyewauliza wenye hekima watatu lipi lililo bora, akili au bahati. Wa kwanza alisema ni akili, akaleta sataranji kuwa hoja yake. Wa pili alisema ni bahati, akaleta dado. Wa tatu alisema kwamba heri ni ya mtu achanganyaye yote mawili, akaleta mchezo wa meza, ambao ndani yake dado huamuru na mchezaji huchagua namna ya kuitii amri. Mpango mzima wa kitabu wafuata hoja hizi tatu: kwanza sataranji, kisha dado, kisha meza, na mwisho michezo mingine ya ajabu.

Sehemu ya sataranji ina mafumbo 103. Kila fumbo lina picha yake, na katika kila picha wachezaji wameketi kushoto na kulia, ilhali ubao umesimamishwa katikati kana kwamba umetundikwa ukutani. Watu wameonyeshwa kwa ubavu, ubao kwa uso. Mtu wa leo aliyezoea picha za kamera atasema kwamba mchoraji hakujua kazi yake. Sivyo. Ubao umeinuliwa ili msomaji auone wote, ahesabu kete, aziweke vile vile juu ya ubao wake, kisha afuate maneno yanayomweleza ni nani aanzaye na kwa hatua ngapi mfalme wa upande wa pili atauawa. Picha hapa ni sehemu ya sentensi. Ukiiondoa, maneno hubaki kama kitenzi kisicho na mtendwa. Kwa hiyo, kuhusu mahali pa kete, ushahidi wa picha hizi ni wa kuaminika sana. Mchoraji akikosea nyumba moja tu, fumbo laharibika na msomaji angegundua.

Nimesema nyumba. Katika Kihispania cha kitabu hiki kila mraba wa ubao huitwa kwa neno lenye maana ya nyumba, na Waarabu nao huuita bayt, yaani nyumba. Mchezaji wa bao wa pwani yetu hashtuki akisikia hayo, kwani yeye pia analo shimo aliitalo nyumba, na kuipoteza mapema ni balaa. Sidai kwamba neno hili la bao limetafsiriwa kutoka Kiarabu. Fikra ya kuiita nafasi ya kete nyumba ni rahisi kuzaliwa mahali pengi. Lakini neno bayt lenyewe lilitufikia kwa njia nyingine, maana ndilo lililotupa ubeti wa shairi. Kadhalika mchezo wa meza, ule ulioletwa na mwenye hekima wa tatu, kwa Kihispania waitwa tablas, yaani mbao. Wahispania waliupa mchezo jina la mbao zake kama sisi tulivyouita wetu bao, na hata leo wachezaji wao wa sataranji wakitoka sare husema tablas. Hapa pia hakuna kukopa. Kuna watu wawili waliotazama kitu kimoja wakakiita kwa jina la mti.

Mahali palipo na kukopa kwa hakika ni katika majina ya kete. Mafumbo mengi ya kitabu hiki yatoka katika makusanyo ya Waarabu, na lugha yake haikujaribu kuficha deni hilo. Kete iliyo karibu na mfalme yaitwa alferza, kutoka Kiarabu al-firzan, ambayo nayo ilitoka Kiajemi, nayo ni mshauri wa mfalme. Ugeuzaji wake kuwa malkia ni habari nyingine. Iko nyingine iitwayo alfil, neno ambalo Wahispania walitumia hata leo kwa kete ambayo Waingereza huifanya askofu. Mhispania wa kawaida hajui kwamba jina hilo lina maana yoyote nje ya ubao. Mtoto wa chuoni wa Lamu au Unguja aliyehifadhi Sura ya Fili angelijua mara moja kwamba anayetajwa ni ndovu. Kete ya pembeni ni roque, kutoka Kiarabu rukh. Wala huyu si yule ndege mkubwa wa hadithi za baharia Sindbad, ingawa majina yamefanana. Jina la mchezo wenyewe, lililo acedrex katika kitabu hiki na sataranji kwetu, ni moja. Asili yake ni Kisanskriti, na maana yake jeshi la viungo vinne. Na yule mfalme, ambaye wachezaji wa Kihispania humwonya kwa kusema xaque, ni shah wa Kiajemi. Neno hilo tunalo. Tunamwita bingwa wa washairi shaha wa malenga, na wachache watumiapo cheo hicho hukumbuka kwamba ndilo jina la kete iliyo hatarini.

Turudi kwenye picha. Mbali na mahali pa kete, zaonyesha vyema pia vyombo na kazi ya mikono. Mwanzoni mwa sehemu ya sataranji fundi atengeneza ubao, na mwingine azikereza kete. Atakayetaka kujua kerezo la karne ya 13 lilikuwaje atafaidika hapo kuliko katika maelezo marefu, na mafundi wetu wa miguu ya vitanda wangemtambua mwenzao. Katika sehemu ya dado mna habari ya utengenezaji wake: pande zinazoelekeana lazima zitimize 7, yaani 6 na 1, 5 na 2, 4 na 3, na dado iwe na pembe sawasawa ili isiwe ya hila. Maandishi yasema kwamba dado yaweza kufanywa kwa mti, jiwe, mfupa au madini, lakini iliyo bora ni ya pembe ya ndovu. Jambo hili latugusa. Al-Masudi, katika karne ya 10, aliandika habari za pembe zilizotoka nchi ya Zanji kwenda Oman na kutoka huko kwenda Bara Hindi na Uchina. Na wako wataalamu waonao kwamba pembe nyingi zilizofika Ulaya katika karne ya 13 zilitoka pwani hii ya Afrika Mashariki kwa njia ya Bahari ya Sham na Misri. Haiwezekani kusema dado fulani ya Sevilla ilitoka kwa ndovu wa wapi. Lakini ndovu wa sura ile na ndovu wa dado walisafiri njia zilizo jirani.

Picha za dado zina ukali usiokuwamo katika zile za sataranji. Wachezaji wako uchi nusu kwa kuwa wameweka nguo zao rehani, na mahali pengine ugomvi umefika kwenye visu. Wengi wamezinukuu picha hizi kuwa ndiyo hali halisi ya nyumba za kamari. Nami nakubali kwa kiasi, maana mfalme huyu huyu, mwaka 1276, alitoa sheria ya kuzitawala nyumba hizo, na hakuna mtu atungaye sheria juu ya jambo lisilokuwapo. Lakini yakumbukwe kwamba katika kitabu hiki dado ni hoja ya yule aliyeitetea bahati, na mpango wa kitabu wataka hoja yake ionekane hatari. Mchoraji alichagua aliyevuliwa nguo, hakumchagua aliyekwenda nyumbani na faida. Sheria na picha zikisema jambo moja, tuamini. Picha ikiwa peke yake, tusite kidogo.

Na sasa nafikia swali lililonifanya niandike. Wachezaji wa sataranji katika kitabu hiki ni watu wa kila namna. Wamo mabibi wa Kikristo na wanawake wa Kiislamu waliopaka hina mikononi, wamo watawa, wamo watoto wafundishwao. Ukurasa mmoja wawaonyesha watu weusi, na msomaji wa kwetu hawezi kuupita bila kusimama. Walakini maandishi yaliyo kando yake yaeleza mwendo wa kete tu, hayasemi watu hao ni nani wala wametoka wapi, na atakayewapa nchi atakuwa ameitoa kichwani mwake. Picha ijulikanayo kuliko zote ndiyo ifungayo sehemu hiyo. Mwislamu na Mkristo wamekaa ndani ya hema, ubao uko kati yao, na mikuki imesimama nje. Mara nyingi picha hii imetolewa kuwa ushahidi kwamba katika Hispania ya Alfonso watu wa dini mbalimbali waliishi pamoja kwa amani, wakacheza pamoja jioni. Nami niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo, tena kwa miaka kadhaa, na nilikuwa nimekosea.

Tuyatazame mambo kwa miaka yake. Sevilla, mji ambamo kitabu kilimalizwa, ulitekwa mwaka 1248 na Fernando wa Tatu, baba yake Alfonso, na Waislamu wakaao mjini walilazimishwa kuhama. Mwaka 1264 Waislamu waliobaki chini ya utawala wa Castilla katika Andalusia na Murcia waliasi, na baada ya kushindwa wengi walifukuzwa katika miji yao. Kwa hiyo mwaka 1283 Mwislamu na Mkristo kukaa pamoja kama majirani wa siku zote halikuwa jambo la kuonekana kwa wingi katika mitaa ya mji ule. Atakayeichukua picha ya hema kuwa habari ya mtaani atakuwa amerudia kosa la Strutt, ila yeye Strutt alikosea nchi, na huyu amekosea hali ya watu.

Je, picha hiyo yasema nini basi? Mtu aweza kujibu kwamba ni ishara tu: mchezo umetoka kwa Waarabu ukafika kwa Wakristo, na mchoraji amewaweka mtoaji na mpokeaji uso kwa uso. Jibu hilo lina nguvu, hasa kwa kuwa picha iko mwisho wa mafumbo yaliyotoka kwa Waarabu. Lakini halielezi hema. Michezo mingi ya kitabu hiki yachezwa chini ya matao ya nyumba nzuri. Kwa nini hawa wawili wawe kambini na mikuki mlangoni?

Mwaka 1282 Sancho, mwana wa Alfonso, alimwasi baba yake, na mkutano wa wakuu uliofanyika Valladolid ulimpa mwana madaraka ya ufalme. Sehemu kubwa ya nchi ilimfuata. Mzee akabaki Sevilla, mmoja wa miji michache iliyodumu katika utii. Katika dhiki hiyo alitafuta msaada wa Abu Yusuf Yaaqub, sultani wa Banu Marini wa Maghribi, aliyekuwa adui yake jana. Wanahistoria wa Kiarabu wasema kwamba alimwekea sultani taji lake rehani ili apate fedha. Sultani akavuka bahari na jeshi lake, na mwaka huo huo wa 1282 wafalme hao wawili, mmoja wa msalaba na mmoja wa hilali, walikuwa pamoja kambini mbele ya Córdoba, alimokuwamo Sancho.

Mtu aliyeichora hema ile alifanya kazi yake kwa mfalme huyo, katika mji huo, kabla ya mwaka 1283 kwisha. Sisemi kwamba wachezaji wawili ni Alfonso na Abu Yusuf. Mavazi yao si ya wafalme, na kitabu kinapotaka kumwonyesha mfalme humwonyesha waziwazi, ameketi na kumwamuru mwandishi. Nasema tu kwamba kwa watu wa jumba la Sevilla wakati ule, Mkristo na Mwislamu ndani ya hema moja hawakuwa mfano wa ujirani mwema, bali habari ya vita iliyojulikana na kila mtu: mapatano ya lazima, yenye rehani, kati ya watu wasioaminiana sana. Sataranji, iliyokuwa hoja ya akili katika dibaji, ndiyo iliyofaa kuonyesha mapatano ya namna hiyo. Alfonso alifariki huko huko Sevilla mwezi wa Aprili 1284, na Sancho akashika ufalme.

Wazo hili ni langu, na ushahidi wake ni wa mazingira tu. Atakayependa kulipinga, na aanze kwa kueleza mikuki ile iliyo nje ya hema.